Namba ya Mashine na Kauli ya Tabibu: Akili Mnemba katika Uchunguzi wa Kifua Kikuu

Mgonjwa mwenye kikohozi cha wiki tatu anasimama mbele ya mashine ya eksirei, anavuta pumzi, anaizuia, kisha anaambiwa avae nguo. Kabla hajamaliza kufunga vifungo vya shati, kompyuta iliyo mezani imekwisha kuonesha picha ya mapafu yake, rangi nyekundu ikiwa imetanda juu ya pafu la kulia, na pembeni pana namba: 0.62. Hakuna daktari bingwa wa radiolojia katika kituo hicho. Je, mgonjwa huyo ana kifua kikuu? Aanzishiwe dawa leo? Makala haya yanaeleza maana ya namba hiyo, mipaka yake, na wajibu unaobaki mikononi mwa binadamu.

Sababu ya kuja kwa teknolojia hii

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu na milioni 1.25 walifariki kwa ugonjwa huo, ilhali ni ugonjwa unaotibika. Tafiti za kitaifa katika nchi nyingi zimeonesha pia kuwa takriban nusu ya wenye ugonjwa hawatoi taarifa ya dalili wanapoulizwa. Kwa hiyo, kumwuliza mtu kama anakohoa hakutoshi. Eksirei huweza kuwabaini baadhi ya watu hao, lakini wataalamu wa kuisoma ni wachache, na waliopo wamejikusanya mijini.

Mwaka 2021 Shirika hilo lilipendekeza kwamba programu za akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, zinaweza kutumika badala ya msomaji binadamu katika kusoma eksirei za kidijitali za kifua. Pendekezo hilo lilihusu uchunguzi wa awali wa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Halikuwahusu watoto walio chini ya umri huo, wala halikuipa programu mamlaka ya kuthibitisha ugonjwa.

Mashine hujifunzaje?

Programu hizi hazikusomeshwa patholojia. Zilipewa maelfu ya picha ambazo tayari zilikuwa zimeainishwa: hizi za wagonjwa, zile za wasio wagonjwa. Kila zilipokosea, hesabu zake za ndani zilirekebishwa, hadi zikamudu kutofautisha makundi hayo mawili. Kinachotambuliwa, kwa hiyo, ni mfanano wa picha. Bakteria mwenyewe haonekani kwenye eksirei.

Alama inayotolewa, iwe kati ya 0 na 1 au kati ya 0 na 100, hueleza ni kwa kiasi gani picha inafanana na zile za wagonjwa. Alama ya 0.62 haimaanishi kuwa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 62 wa kuwa na kifua kikuu. Tena, alama hiyo katika programu moja hailingani na alama hiyo hiyo katika programu nyingine, na hata toleo jipya la programu ile ile laweza kubadili kipimo.

Ndiyo maana huwekwa kizingiti. Aliyekifikia hupelekwa kupima makohozi. Kizingiti kikishushwa, wagonjwa wengi zaidi hunaswa, lakini wazima wengi pia hupelekwa maabara. Kikipandishwa, katriji za maabara huokolewa, lakini baadhi ya wagonjwa hurudi nyumbani na ugonjwa wao. Uamuzi huo ni wa watu, wala mashine haiwezi kuwabebea.

Hesabu ya watu elfu moja

Tuchukue mfano wa programu inayowatambua wagonjwa 90 katika kila wagonjwa 100, na kuwaachia kwa usahihi wazima 70 katika kila wazima 100. Viwango hivyo ndivyo vya chini ambavyo Shirika la Afya Duniani limevitaja kwa kipimo cha mchujo wa kifua kikuu.

Wapimwe watu 1,000 katika kampeni ya mtaani, ambako 10 kati yao wana ugonjwa. Programu itawanasa 9 na kumkosa mmoja. Kati ya wazima 990, itawatilia shaka 297. Jumla ya watakaoambiwa wana shaka ni 306, na wenye ugonjwa kati yao ni 9 tu, yaani takriban 3 katika kila 100.

Sasa programu hiyo hiyo itumike kwa watu 1,000 waliokuja kliniki wakikohoa, ambako 100 wana ugonjwa. Itawanasa 90, na itawatilia shaka wazima 270. Kati ya watu 360 wenye shaka, 90 ni wagonjwa kweli, yaani mmoja katika kila wanne.

Mashine haikubadilika, waliobadilika ni watu waliopimwa. Hata hivyo, katika hali zote mbili wengi wa waliotiliwa shaka hawana kifua kikuu. Kumwanzishia mtu dawa za miezi kadhaa kwa sababu ya alama peke yake ni kosa. Kumwambia jirani zake wakisikia kwamba kompyuta imemkuta na ugonjwa ni kosa kubwa zaidi.

Pale mashine inapopotoka

Kovu la kifua kikuu kilichokwisha kupona huweza kuipandisha alama. Mapafu yaliyoathiriwa na vumbi la migodini huweza kufanya vivyo hivyo. Kinyume chake, mtu anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kuwa na kifua kikuu huku eksirei yake ikikaribia kuwa ya kawaida. Picha iliyopigwa vibaya nayo humpotosha msomaji yeyote, awe mtu au programu.

Lipo pia kosa lililojificha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 kuhusu programu za kutambua nimonia ulionesha kuwa programu iliweza kubaini picha imetoka hospitali gani, na kuitumia ishara hiyo katika kukisia ugonjwa. Ilipopelekewa picha za hospitali nyingine, mara nyingi ufanisi wake ulipungua. Funzo ni kwamba programu iliyofanya vema ugenini haina budi kujaribiwa kwa wagonjwa wa hapa kabla ya kuaminiwa.

Wajibu wa mhudumu

Mhudumu huanza na mgonjwa, si na skrini. Huuliza kuhusu homa, jasho la usiku, kupungua uzito, matibabu ya awali ya kifua kikuu, hali ya VVU na kazi anayoifanya. Mwenye dalili asinyimwe kipimo cha makohozi kwa kuwa tu alama yake ni ndogo. Mwenye alama kubwa apimwe kwa kipimo cha vinasaba, kama vile GeneXpert, ambacho hutoa jibu kwa muda usiozidi saa mbili na kuonesha kama bakteria wana usugu kwa rifampisini. Pale tabibu na programu wanapotofautiana, sababu iandikwe kwenye jalada.

Haki ya mgonjwa

Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kuwa picha yake imesomwa na kompyuta, na ya kuuliza: ni nani atakayethibitisha jibu hili? Nifanye nini kikohozi kikiendelea? Picha yangu inahifadhiwa wapi? Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Picha yenye jina la mgonjwa haina nafasi katika makundi ya simu.

Basi, mgonjwa mwenye 0.62 afanyiwe nini? Apewe kikopo cha makohozi, aelezwe kwa lugha anayoielewa kuwa jibu bado, na aambiwe siku ya kurudi. Jibu likithibitisha ugonjwa, aanze dawa mara moja na wa nyumbani kwake wachunguzwe. Likiwa hasi na kikohozi kiendelee, atafutiwe sababu nyingine. Namba imefanya kazi yake ilipomfikisha mgonjwa mbele ya mtu anayewajibika kwake.