Usiondoke Bila Risiti
Kijitabu cha elimu kwa wanunuzi wa mafuta, Donholm na mitaa jirani

Malalamiko yamejaa mezani kwetu. Wenye magari wa Greenfields na Savannah, vijana wa bodaboda kwenye steji za Outering, akina mama wanaopikia mafuta ya taa, wote wanauliza mambo mawili: mbona petroli ghali namna hii, na nani anatuibia? Swali la kwanza lina jibu refu, nasi tutalifupisha. La pili ndilo lililotufanya tuchape kijitabu hiki. Ukilipa ukaondoka bila risiti, yeyote anaweza kukuibia, na hakuna ofisi itakayokusaidia, hata hii yetu.

Bei inatoka wapi

Tarehe 14 ya kila mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Bei hiyo huanza usiku wa manane na kudumu hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Kila mji una yake: Mombasa hulipa kidogo kwa kuwa meli hushusha pale, Mandera hulipa zaidi kwa sababu ya umbali. Donholm hutumia bei ya Nairobi. Utaratibu huu haukuwepo siku zote. Kuanzia Oktoba 1994 hadi mwishoni mwa 2010 kampuni za mafuta zilijipangia bei zenyewe, na wananchi walinung'unika miaka yote hiyo kabla ya udhibiti kurudi Desemba 2010.

Ndani ya bei mna gharama ya shehena iliyoshushwa bandarini, usafiri, faida ya kampuni na ya mwenye kituo, kisha kodi. Kodi si ndogo. Lita moja ya petroli imebeba ushuru wa bidhaa wa Sh21.95 na tozo ya maendeleo ya petroli ya Sh5.40. Tozo ya kukarabati barabara ilipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 Julai 2024, na Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa tayari imepandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Anayeilaumu kampuni peke yake hajauona mkono wa serikali.

Lakini kampuni nazo zisijifiche nyuma ya serikali. Bei ya EPRA ni kikomo. Hakuna sheria inayomkataza mwenye kituo kuuza chini yake. Hata hivyo, pita Jogoo Road kisha uzunguke Outering ukisoma vibao, utaona tofauti ni ya senti, au haipo kabisa. Kikomo kimegeuzwa kuwa bei ya kila mtu. Hatuuiti huo ushindani, na tunaziambia kampuni hivyo waziwazi.

Wengine huuliza kwa nini mafuta yakishuka duniani hapa hayashuki siku hiyo hiyo. Unachonunua leo kilinunuliwa kwa dola wiki kadhaa zilizopita. Oktoba 2023, shilingi ikiwa imeporomoka, lita ya petroli Nairobi ilifika Sh217.36. Oktoba 2024, shilingi ikiwa imepata nguvu, ilikuwa Sh180.66. Bei hushuka, ila hushuka kwa kuchelewa.

Pale kwenye pampu

Hapa ndipo tunaomba usome polepole. Bei ya lita inajulikana na nchi nzima, hivyo ni vigumu mwenye kituo kukudanganya kwayo. Wizi uko kwenye kipimo na kwenye mchanganyiko.

Kijana wa bodaboda anasimama. Hashuki. Anafungua tangi, anasema, "Niwekee ya mia mbili," macho yako kwenye simu. Mhudumu anatumbukiza mpira, na pampu bado inaonyesha tarakimu za mteja aliyetangulia. Kijana analipa kwa till, ujumbe unaingia, anawasha na kuondoka. Kwa bei ya Sh180.66, mia mbili ni lita 1.1 hivi. Alizipata? Hajui, kwa kuwa hakutazama. Akipunjwa sehemu ya kumi amepoteza Sh20. Akijaza mara tatu kwa siku, ni Sh60, na hizo ni hela za chai na mandazi.

Kwa hiyo, kabla mafuta hayajaanza kutoka, shuka. Tazama skrini hadi isome sufuri. Linganisha bei ya lita iliyo kwenye pampu na iliyo kwenye kibao. Angalia kama pampu ina muhuri wa wakaguzi wa vipimo na mizani, maana sheria inataka kila pampu ikaguliwe na kutiwa muhuri. Muhuri ukiwa umekatwa au haupo, nenda kituo kingine. Kisha dai risiti iliyochapwa, yenye jina la kituo, tarehe na saa, aina ya mafuta, bei ya lita, idadi ya lita na jumla.

Ujumbe wa M-Pesa si risiti. Tunarudia: ujumbe wa M-Pesa si risiti. Unaonyesha kwamba umetoa pesa. Hauonyeshi ulipewa lita ngapi wala ni petroli au dizeli. Tanzania, mamlaka ya udhibiti, EWURA, hukumbusha wanunuzi wadai risiti kwenye matangazo yake ya bei ya kila mwezi. Hapa kwetu mtu akidai risiti huonekana msumbufu. Kuwa msumbufu.

Mafuta ya chupa

Bei ikipanda, wauzaji wa vichochoroni hupata wateja. Petroli kwenye chupa ya soda, dizeli kwenye jerikani, bei ya chini kidogo. Haina kipimo, haina risiti, na mara nyingi imechanganywa na mafuta ya taa. Ni uchakachuaji huo uliofanya serikali iweke tozo ya Sh18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Wachakachuaji walikosea, na mama wa Eastlands anayepikia stovu ndiye aliyetozwa. Hatulisahau hilo.

Wala tusisahau Sinai. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka bomba la Lunga Lunga na kutiririka kwenye mtaro. Watu walikimbia na ndoo kuikinga. Moto ukawaka, wakafa wapatao 100. Sinai iko jirani na sisi hapa. Usiweke petroli nyumbani, hata lita moja. Usiweke chini ya kitanda, usiweke kwenye veranda, usimtume mtoto kuinunua.

Ukiwa umepunjwa

Kila aliyenunua anaweza kulalamika: mwenye gari, dereva, hata abiria aliyelipia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakulinda, na ipo Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012. Masharti mengine utaelezwa ofisini kwetu.

Kipimo kikiwa na kasoro, nenda kwa maafisa wa vipimo na mizani. Bei ikizidi kikomo, mafuta yakiwa yamechanganywa, au kituo kikiyaficha kikisubiri tarehe 15, nenda EPRA, Upper Hill. Andika saa, nambari ya pampu na ulichoambiwa na mhudumu. Usigombane naye, maana mara nyingi si yeye aliyeichezea pampu.

Na risiti ipige picha siku hiyo hiyo. Wino wa karatasi ile hufifia, na tumeletewa karatasi nyeupe ambazo hazikumsaidia mtu. Peleka nakala, ile ya asili ubaki nayo.