Kuchora Kibo
Mwanafunzi mmoja aliketi Moshi asubuhi, akachora Kibo kwa mstari mweusi mnene, akaupaka kijani cha migomba. Mlima wenye kimo cha mita 5,895 ukawa kama kichuguu cha uani! Kosa halikuwa la mkono, bali la macho: alichora alijualo, asichore alionalo. Umbo alilipata vema, maana Kibo ni mviringo kama chungu kilichopinduliwa, na Mawenzi una meno. Lakini mlima ulio mbali hauzungukwi na mstari. Hewa iliyo katikati huufanya uwe samawati hafifu, na migomba iliyo karibu ndiyo ya kijani kibichi. Tena, asubuhi jua hutoka upande wa Mawenzi. Basi theluji ya Kibo hung'aa kuumeni, na kushotoni hupakwa rangi ya kivuli. Nyeupe tupu huwekwa palipopigwa na jua tu.