Zawadi ya Bebi Shawa: Muulize Kwanza Mwenye Duka

Wadogo zangu wa Kampala, nimepokea maswali yenu na mengi yanafanana. Rafiki anatunzwa Jumamosi, Ntinda au Kyaliwajjala, rangi ya nguo imeshatangazwa kwenye kundi la WhatsApp, na wewe hujui ununue nini. Mmoja ameniuliza kama aende Acacia Mall achukue kitu chenye boksi zuri, au apite tu kwenye duka dogo la vitu vya watoto lililo karibu na kwake. Jibu langu ni duka dogo, na nina sababu.

Ukienda kwenye majengo ya maduka ya mjini, soma risiti. Karibu zote zimeandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Sasa mtoto akizaliwa na kilo nne, zile nguo za mtoto mchanga kabisa ulizomnunulia hatazivaa hata wiki. Mama mwenye duka lake mwenyewe mtaani, anayekuona ukipita kila siku, atakubali mwenzio arudishe pakiti ya nepi ambayo haijafunguliwa apewe ya saizi kubwa. Mara nyingi anajua pia wageni wengine wa sherehe hiyo wamenunua nini. Mwambie ukweli: bajeti yako ni kiasi gani, rafiki yako ana mimba ya miezi mingapi, na ni mimba yake ya ngapi. Usione haya kutaja shilingi 30,000. Muuzaji mzuri ataifanyia kazi.

Kuna jambo jingine. Wapo wazee wengi, na mabinti pia, wasiopenda nguo za mtoto ziingie nyumbani kabla hajazaliwa. Usibishane nao. Lipia, mwombe mwenye duka akuwekee mzigo, uje kuuchukua habari njema zikifika. Sherehe itakuwa na kadi yako na maneno yako mazuri, na hilo linatosha.

Sasa nguo zenyewe. Shika kitambaa mkononi ujiulize: hiki kitavumilia pasi ya moto? Hapa kwetu yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, hasa kivulini. Yakianguliwa, buu huingia kwenye ngozi ya mtoto na kuotesha jipu. Ndiyo maana mama wa Kampala hupiga pasi kila kitu, hadi nepi za kitambaa. Vile vinguo vya nailoni vyenye shanga na vitambaa vya kung'aa vinayeyuka, au mama anaogopa kuvipiga pasi, vinabaki kabatini. Nunua pamba tupu. Nunua pia blanketi la maana, maana mji huu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua za Aprili au Novemba ni baridi kwa mwili mdogo. Wageni wetu kutoka Mombasa na Dar hulisahau hilo.

Ila mimi, kama dada yenu, ningeanza na mama kabla ya mtoto. Ada katika wodi za kawaida za hospitali za serikali ilifutwa mwaka 2001, lakini mwanamke anayekwenda kujifungua bado anatakiwa afike na vifaa vyake: glovu, pamba, wembe, karatasi la nailoni la kutandika kitandani, sabuni, beseni, shuka. Vingi kati ya hivyo huuzwa vikiwa vimefungashwa pamoja kwa jina la Mama Kit kwenye maduka ya dawa. Kama ni rafiki wa karibu na unajua mambo yamembana, mnunulie hiyo na umpe mkiwa wawili tu, si mbele ya kamera. Ongeza chupa ya chai inayotunza joto na leso mbili nzito. Kwa chupa hiyo atakushukuru saa tisa za usiku, wodini, mwili ukimtetemeka anataka uji.

Maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea viacheni, isipokuwa mama mwenyewe ameomba. Mtoto anatakiwa anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza, na zawadi isiwe kishawishi. Mitishamba ya kyogero, ile ya kumwogeshea mtoto, nayo si yako kuleta. Hilo ni la ssenga, yaani shangazi, na mama mzazi wa rafiki yako, wakishauriana na mhudumu wa afya.

Na tafadhali, usitarizi jina kwenye blanketi. Kwa Baganda jina la mtoto hutoka kwenye ukoo wa baba, na nimeona mashuka mazuri yakifichwa chini ya godoro kwa sababu babu aliamua tofauti. Wakija mapacha ndiyo kabisa: Wasswa na Kato, Babirye na Nakato, majina yanawangoja tayari, na huyo mama anaitwa Nnalongo.

Mkiwa watano, changeni. Mmoja aende Kikuubo akachukue nepi na sabuni kwa bei ya jumla, fedha inayobaki mkanunue kikapu kikubwa cha ukili kwa mafundi wa Buganda Road au nyuma ya National Theatre. Vitu vyote vikae humo badala ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Mtoto akikua, kikapu kitabeba nguo za kufua au matooke kutoka sokoni.

Kwa hiyo leo jioni, kabla hujatoa hata shilingi, mpigie rafiki yako simu umuulize mambo mawili: anajifungulia wapi, na nani atakuwa naye nyumbani wiki ya kwanza. Kisha nenda na majibu hayo kwa mwenye duka.