Fundisho: Kufunga tela nyuma ya motokari

Ninyi mnaokaa Kiliba, Sange na Luvungi, na ninyi wa pwani ya ziwa kutoka Uvira mpaka Baraka, mwajua ya kuwa mchele, mihogo na ndagala havileti faida vikikaa nyumbani. Wachimbaji wa dhahabu kule Misisi lazima wanunue chakula. Basi mwenye motokari ndogo aweza kuongeza mzigo wake kwa kuvuta tela. Walakini tela iliyofungwa vibaya ni adui. Ikichomoka katika mteremko haina dereva. Huwaendea watu waliokaa kando ya njia. Kwa hiyo soma fundisho hili lote kwanza, kisha ushike spana.

1. Kuchagua chuma

Tazama kitabu cha motokari, ujue uzito ulioruhusiwa kuvutwa. Tela isiyo na breki zake, pamoja na mzigo wake, isizidi uzito huo. Katika nchi za Ulaya tela ya namna hiyo hairuhusiwi kupita kilo 750, hata motokari iwe kubwa namna gani. Nunua chuma cha kuvutia kilichofanyizwa kwa motokari kama yako. Tufe lake mara nyingi lina upana wa milimita 50, na kikombe cha tela lazima kilingane nalo. Tufe dogo ndani ya kikombe kikubwa litachomoka penye shimo.

2. Kukifunga

Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Usilale kamwe chini ya motokari iliyoinuliwa kwa jeki tu. Weka magogo imara chini yake. Chuma hufungwa kwenye shasi, ndiyo mifupa ya motokari, wala si kwenye bampa. Kwangua matope na kutu mpaka chuma safi kionekane. Ukigonga kwa nyundo na kutu ikatoboka, acha kazi: shasi ile haiwezi kuvuta kitu.

Tumia bolti zenye alama 8.8 kichwani, na nati zisizolegea zenyewe. Fundi akisema aunganishe kwa kulehemu ili kazi iishe upesi, mkatae. Chuma kilichochomwa hovyo hudhoofika, na ufa wake hauonekani. Paka rangi palipokwanguliwa. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kaza bolti zote tena.

3. Nyaya za taa

Kwanza toa waya wa betri wa upande wa kutoa (–). Prizi ya tela yenye matundu 7, kwa desturi ya Ulaya, ina mpango huu:

1, manjano: taa ya kugeukia kushoto.
2, buluu: taa ya ukungu.
3, nyeupe: waya wa kurudisha umeme kwenye shasi.
4, kijani: taa ya kugeukia kulia.
5, kahawia: taa ya usiku ya kulia.
6, nyekundu: taa za breki.
7, nyeusi: taa ya usiku ya kushoto.

Usiamini rangi peke yake, maana wengine walitangulia kuzikata na kuzigeuza. Jaribu kila waya kwa taa ndogo ya kupimia. Ukibadilisha kushoto na kulia, utamdanganya anayekufuata.

Unganisha kila waya na ule wa taa ya nyuma unaofanya kazi ile ile, kisha funga kwa utepe usiopitisha maji. Pitisha nyaya mbali na bomba la moshi. Ziache ndefu kidogo ili zisikatike njiani penye kona, lakini zisiburute chini. Kama motokari yako ni ya siku hizi, taa zake zikitawaliwa na kompyuta, usikate waya wowote. Nunua kisanduku cha kuunganishia kilichofanywa kwa ajili yake.

4. Kujaribu

Mtu mmoja akae ndani, mwingine asimame nyuma. Washeni taa moja moja, kisha breki na taa ya usiku pamoja. Mkikanyaga breki na taa nyingine zikafifia au kuwaka ovyo, kosa li karibu kila mara katika waya mweupe: kutu imeuzuia. Kwangua, kaza, jaribu tena.

5. Kupakia na kwenda

Weka mizigo mizito juu ya ekseli, na zaidi kidogo mbele yake. Tela ya kilo 500 ikandamize tufe kwa kilo 25 mpaka 50, nawe usipite kiasi kilichoandikwa kwenye chuma chako. Mzigo ukilemea nyuma, tela huyumba na kuivuta motokari nje ya njia. Funga minyororo 2 iliyopishana chini ya kikombe, ili tela ikichomoka isikimbie. Katika mteremko ingia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka.

Usipandishe watu juu ya tela, hata mtoto mmoja. Wala usipakie bidoni za petroli karibu na nyaya. Cheche moja yatosha. Kumbukeni Sange: tarehe 2 Julai 2010 gari la mafuta lilipinduka, watu wakakaribia, moto ukawaka, na zaidi ya watu 200 wakafa. Mafuta yakimwagika, kimbieni, msichote.

Maulizo

1. Kwa nini chuma hakifungwi kwenye bampa?
2. Taa zikififia ukikanyaga breki, utatazama waya gani kwanza?
3. Mzigo mzito uwekwe wapi, na kwa sababu gani?

Asiyeweza kujibu asifunge tela bado. Asome tena, kisha amwite jirani ajibu pamoja naye.