Chaneli 16 si Kijiwe
Kijitabu cha elimu kwa manahodha, mabaharia na wavuvi: ujumbe upi upite kwanza kwenye redio ya VHF

1. Kwa nini tumeandika

Malalamiko yametufikia kutoka boti za abiria, majahazi ya mizigo na vyombo vya uvuvi: chaneli 16, ya wito na dharura, imegeuzwa kijiwe. Huyu anauliza bei ya pweza soko la Feri, yule anapiga muziki, wa tatu anatukana. Tunajua wengi wenu mkiona karatasi ya ofisi mnanusa faini. Hata hivyo, someni hadi mwisho. Anayezama hatauliza kama mnatupenda au mnatuchukia.

2. Hatari inayopuuzwa

Redio ya VHF si simu. Kwenye chaneli 16 anaongea mmoja, wengine wanasikiliza, na aliyebonyeza kitufe hasikii kitu mpaka akiachie. Wakiongea wawili kwa pamoja, mwenye mawimbi yenye nguvu zaidi humfunika mwenzake. Mvuvi mwenye redio ya mkononi ya wati 5, ngalawa yake ikijaa maji, hana ubavu wa kushindana na boti iliyo karibu nawe inayorusha kwa wati 25 habari za mechi ya jana. Ombi lake halichelewi, halifiki kabisa. Wala hutajua kwamba aliita.

Mbaya kuliko soga ni kitufe kilichokwama. Maikrofoni imeachwa kwenye benchi, jaketi la kujiokolea limeikandamiza, kwenye kioo cha redio herufi TX zinawaka. Nahodha anashangaa mbona leo kuko kimya. Si kimya! Yeye ndiye aliyewaziba wenzake, na wanachosikia wote ni mngurumo wa injini yake. Kila ukimaliza kuongea, rudisha maikrofoni kwenye kishikizo chake na utazame kioo. Tunarudia: rudisha maikrofoni, tazama kioo.

Dunia imeshalipia somo hili. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli ya Californian iliiarifu Titanic kwamba imesimama, imezingirwa na barafu. Opereta wa Titanic, aliyekuwa na rundo la salamu za abiria za kutuma nchi kavu, alimwambia mwenzake anyamaze. Opereta wa Californian akazima mtambo wake, akalala. Muda mfupi baadaye Titanic iligonga mwamba wa barafu, na watu zaidi ya 1,500 walikufa. Salamu zilipewa nafasi ya tahadhari.

3. Nani apite kwanza

Kanuni za kimataifa za redio zimepanga ngazi nne, na hazijali ukubwa wa chombo wala cheo cha nahodha:

1. Mayday. Chombo au mtu yuko katika hatari kubwa ya papo hapo na anahitaji msaada sasa hivi: mnazama, mnaungua, mtu ametumbukia baharini.
2. Pan Pan. Jambo la haraka ambalo bado halijatishia maisha papo hapo: injini imezimika na mkondo unawasukuma.
3. Sécurité. Tahadhari ya usalama: gogo linaelea njiani, taa ya boya imezimika, upepo mkali unakuja.
4. Mengine yote. Bei ya samaki imo humu, hata kama ni bei nzuri.

Ukisikia Mayday, nyamaza na uandike: jina la chombo, mahali, shida, idadi ya watu. Kipe kituo cha pwani nafasi ya kujibu. Kikiwa kimya nawe uko karibu, jibu wewe na usaidie.

4. Chaneli 70: hapa hapasemwi neno

Chaneli 70 ni ya data peke yake. Ukifunua kifuniko chekundu na kushikilia kitufe cha dharura kwa sekunde chache, redio yenye mfumo wa wito wa kidijitali (DSC) hurusha namba ya utambulisho ya chombo, mahali kilipo na saa. Safari hiyo ya data huchukua chini ya sekunde moja. Redio zenye mfumo huo zilizo karibu hulia king'ora, na yako huendelea kurudia kila baada ya dakika kama nne mpaka ijibiwe. Data hutangulia ili watu wageuze masikio. Sauti hufuata chaneli 16.

Lakini redio isiyoingizwa namba hiyo ya utambulisho, yaani MMSI yenye tarakimu tisa, haiwezi kutuma wito huo, na isiyopata GPS haitasema uko wapi. Kitufe chekundu kisichoandaliwa ni pambo. Hakikisha leo, ukiwa gatini.

5. Utaratibu wa kila siku

- Redio iwe wazi chaneli 16 muda wote mko majini.
- Sikiliza kwanza, ndipo ubonyeze.
- Mwite mwenzako, kisha hamieni chaneli ya chombo kwa chombo, kama 72 au 77. Wito usizidi dakika moja.
- Mkiwa karibu, tumia wati 1.
- Ukibonyeza dharura kwa bahati mbaya, futa wito kwenye redio, kisha tangaza chaneli 16 kwamba umeufuta. Usizime redio na kukaa kimya, maana watu wataingia baharini kukutafuta.

6. Leseni

Meli za abiria za safari za kimataifa, na za mizigo za safari hizo kuanzia tani 300, zina masharti yake kamili ya redio. Wengine, leseni ya redio na namba ya MMSI ulizeni mamlaka ya mawasiliano. Kukosa leseni kusimzuie yeyote kuomba msaada akiwa hatarini.

7. Neno la mwisho

Kazi kubwa imeshafanyika, nasi tunajivunia: ukanda huu una vituo vya kuratibu uokoaji majini Dar es Salaam na Mombasa. Lakini kituo hakiwezi kumwokoa mtu ambaye sauti yake imefunikwa na soga lako. Nahodha, chaneli 16 si yako, wala si yetu. Ni ya aliye hatarini. Mwachie.