SOMO LETU: SAMAKI WA ULAYA NA KIBARUA WA ZIWA LETU



Katika soko la Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, mfanyakazi hununua omena, ambao ng'ambo ya mpaka huitwa mukene, au mgongo wa sangara uliokwisha kutolewa minofu. Minofu mingi huuzwa nje, hasa Ulaya. Somo hili lauliza: Ulaya ina bahari pande tatu, kwa nini inataka samaki wetu? Na jambo hilo linamhusu nini kibarua?

1. Ulaya ilipunguza samaki wake

Baada ya Vita Kuu ya Pili makampuni ya Ulaya yaliongeza meli, injini na nyavu kubwa. Samaki wakavuliwa upesi kuliko walivyozaana. Mwaka 1977 uvuvi wa heringi katika Bahari ya Kaskazini ulifungwa, maana samaki hao walikuwa karibu kwisha. Walipoongezeka tena, ukafunguliwa miaka ya 1980.

Nchi hazikwenda sawa. Norwe na Iceland ziliweka mipaka ya uvuvi, na hadi leo huvua kwa wingi. Uvuvi wa Uingereza ulishuka sana. Meli za Hispania hufika hata pwani za Afrika. Leo Umoja wa Ulaya huagiza nje zaidi ya nusu ya samaki unaokula.

2. Wavuvi wa Hull

Mwaka 1975 Iceland ilitangaza maili 200 za bahari kuwa zake. Mwaka 1976 Uingereza ikakubali kushindwa, na maelfu ya watu wa Hull na Grimsby wakapoteza kazi. Wengi walikuwa wametumikia makampuni yale yale miaka mingi. Lakini walihesabiwa vibarua, kwa hiyo hawakupewa kiinua mgongo. Walidai miaka zaidi ya ishirini, na mwaka 2000 ndipo serikali yao ilipokubali kuwalipa fidia. Wengine walikuwa wamekwisha kufa.

3. Ziwa letu

Sangara alitiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Miaka ya 1980 aliongezeka sana, na viwanda vya minofu vikajengwa Kisumu, Mwanza, Jinja na Entebbe. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulikataza samaki wa ziwa kwa sababu watu wengine walivua kwa sumu. Kibarua wa kiwandani, asiyetia sumu ziwani, ndiye aliyeambiwa abaki nyumbani. Baadaye sangara walipungua, na viwanda kadhaa vya Uganda vikafungwa.

4. Tushike nini

Mali ikipungua, mwenye meli huenda bahari nyingine. Kibarua hana bahari nyingine. Hili si la wavuvi wa Majanji na Port Victoria peke yao. Mpakia saruji wa Tororo na mkata miwa wa Busia, ambaye kila mwezi huitwa mgeni kazini, yumo katika mtumbwi ule ule. Basi tudai barua ya kazi kabla ya shida, si baada yake.

Maswali ya kujadili tawini:

(a) Katika kazi yenu, nani ametumika zaidi ya mwaka bila barua?
(b) Kiwanda kikifungwa kesho, nani atalipwa na nani hatalipwa?
(c) Tawi lifanye nini mwezi huu?

Umoja ni nguvu.