Mkaa, gesi na maharage

Swali: Mtaalamu, nyumbani kwetu Dar es Salaam tunapikia mkaa na gesi, na nina pikipiki. Nitapimaje hewa ya ukaa tunayozalisha, na nianze kupunguza wapi?

Jibu: Kwa mwezi mzima, andika kila kinachoungua. Lita 1 ya petroli hutoa takribani kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Kilo 1 ya gesi, karibu kilo 3. Mtungi wa kilo 15, basi, ni kilo 45 hivi.

Mkaa ndio unaotudanganya. Jikoni, kilo 1 hutoa karibu sawa na gesi, lakini hesabu kubwa imebaki porini: tanuri la udongo hula kilo 6 hadi 10 za kuni kupata kilo 1 ya mkaa, likitoa na methani. Miti isipoota tena, ukaa huo hubaki angani.

Kwa hiyo pikipiki isikusumbue kwanza. Anza na maharage, maana ndiyo yanayokaa motoni saa nyingi. Yaloweke usiku kucha, uyapike kwa jiko la presha la umeme. Kwa kawaida hayamalizi hata uniti 1 ya LUKU. Likikushinda bei, nunua jiko banifu, na sufuria ifunikwe.